Ramani Iliyopimwa kwa Redio: Jinsi Umbo la Molekuli Linavyojulikana

Hakuna aliyepitia chuo cha kadeti akalisahau somo la kusoma ramani: dira mkononi, penseli sikioni, jua utosini, na mkufunzi asiyepokea udhuru. Katika somo hilo askari hufundishwa kwamba asipojua mahali aliposimama, aweza kupajua kwa kupima uelekeo wa vilima viwili anavyoviona. Lakini liko fumbo jingine ambalo wakufunzi hupenda kuwapa vijana jioni, baada ya chakula. Kijana hupewa orodha ya miji kumi, na mbele ya kila mji umeandikwa umbali wake kutoka miji mingine. Hapewi ramani, hapewi dira, wala haambiwi kaskazini iko wapi. Kisha huamriwa: chora ramani.

Mwanzoni kijana hudhani anadhihakiwa. Lakini akiwa mvumilivu, akachukua bikari, akauweka mji wa kwanza popote pale, wa pili kwa umbali uliotajwa, na wa tatu pale ambapo duara mbili zinakatana, basi huiona ramani ikijijenga mbele ya macho yake. Akifika mji wa kumi hana tena uhuru wa kuuweka apendapo. Umbali wote uliotangulia umekwisha kumfunga. Ramani atakayoipata ni ile ya kweli, ama taswira yake ya kwenye kioo, ambayo kulia imekuwa kushoto.

Makala haya yahusu wataalamu walioifanya kazi hiyo hiyo, ila miji yao ilikuwa atomu, na umbali waliopewa ulikuwa chini ya nusu ya sehemu ya milioni ya milimita moja. Chombo chao hakikuwa darubini bali redio. Na walipoileta ramani yao ya kwanza, wenzao hawakuisadiki.

UMBO NDILO KAZI

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini mtu ahangaike na umbo la kitu kidogo namna hiyo. Askari alaye ugali, au posho kama uitwavyo katika kambi nyingi, akiutafuna kwa muda mrefu husikia utamu kidogo mdomoni. Utamu huo watokana na kimeng'enya cha mate kiitwacho amilasi, ambacho huikata minyororo ya wanga hata ikawa sukari. Amilasi nyingine hutoka katika kongosho na kuimalizia kazi hiyo tumboni. Kimeng'enya hicho kina ufa wenye umbo maalumu. Mnyororo wa wanga huingia humo kama ufunguo katika kufuli, nao hukatwa. Umbo likiharibika, kazi husimama. Ndiyo sababu yai likichemshwa haliwezi kurudi ubichi wake: asidi amino zake zote zingali zimeshikana kwa mpangilio ule ule, lakini minyororo imefumuka na kujisokota ovyo.

Sasa, yuko bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces tendae. Bakteria huyo hutengeneza protini ndogo yenye asidi amino 74 tu, iitwayo tendamistat, ambayo huenda ikajibana juu ya ufa wa amilasi kama kizibo, na amilasi ikakosa nguvu. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani ilivutiwa na protini hiyo, kwa kuwa kitu chenye uwezo wa kuuchelewesha wanga usigeuke sukari kingeweza kuwafaa wenye ugonjwa wa kisukari. Msomaji na alikumbuke jina hilo la tendamistat, maana tutakutana nalo tena mahali pa hukumu.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia ya kulijua umbo zima la protini, atomu kwa atomu, ilikuwa moja. Protini ilipaswa kwanza kugeuzwa fuwele, kama chumvi au sukari, kisha fuwele hiyo ipigwe miale ya eksirei, na kwa kuyapima madoa yaliyotawanyika nyuma yake wataalamu wakakokotoa mahali pa kila atomu. Kwa njia hiyo John Kendrew wa Cambridge, Uingereza, alilionyesha umbo la mayoglobini mwaka 1958, na mwaka 1962 yeye na Max Perutz wakatunukiwa Nishani ya Nobel. Ilikuwa kazi tukufu. Hata hivyo ilikuwa na masharti mawili mazito: lazima protini ikubali kuwa fuwele, na nyingi hukataa katakata, tena protini za mwilini haziishi katika fuwele, bali huogelea katika maji. Mtu angeweza kuuliza, na waliuliza, kama umbo la askari aliyesimama kwenye gwaride ndilo umbo lake akiwa msituni.

DIRA NDANI YA MAJI

Njia ya pili inaitwa resonansi ya sumaku ya viini. Neno "viini" lisimtishe mtu. Vinavyotajwa ni viini vya atomu, navyo havivunjwi wala havitoi mionzi ya hatari. Bomu la nyuklia halina undugu na jambo hili. Hofu ya neno hilo ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa sababu ya hospitali kuliondoa katika jina la mashine zao za MRI, zinazopiga picha za ubongo na magoti, ingawa mashine hizo zinafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Kanuni yenyewe ni hii. Kiini cha atomu ya haidrojeni, kiitwacho protoni, hufanana na dira ndogo mno inayojizungusha kama pia. Ikiwekwa mbele ya sumaku kubwa haitulii kama sindano ya dira ya kawaida, bali huyumba ikizunguka, kama pia iyumbavyo kabla ya kuanguka. Kasi ya kuyumba huko hutegemea nguvu ya sumaku. Katika sumaku ya tesla 11.7, ambayo ni zaidi ya mara 200,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoisogeza dira yetu, protoni huyumba mara milioni 500 kila sekunde. Askari wa mawasiliano atatambua mara moja kwamba hiyo ni frikwensi ya redio: megahezi 500. Ukiipigia protoni wimbi la redio la frikwensi hiyo hiyo, huitika. Ukilizima wimbi lako, protoni huendelea kwa muda mfupi kutoa sauti yake yenyewe, hafifu mno, katika koili iliyouzunguka mrija wa kioo. Ukilikosa kwa kiasi kidogo tu, haikusikii.

Sio ajabu kwamba waliolivumbua jambo hili walitoka katika kazi za vita. Edward Purcell alikuwa ameitumia Vita Kuu ya Pili katika maabara ya rada ya chuo cha MIT, Marekani. Felix Bloch, mzaliwa wa Zurich, alikuwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoshughulikia mbinu za kuipumbaza rada ya adui. Vita vilipokwisha, kila mmoja alirudi katika fizikia akiwa na ujuzi wa kuisikia sauti ndogo ya redio katikati ya makelele. Mnamo Desemba 1945 Purcell pamoja na Henry Torrey na Robert Pound walichukua karibu kilo nzima ya nta ya parafini, ile itengenezwayo mishumaa, wakaiweka katika sumaku ya kuazima, nao wakazisikia protoni zake. Wiki chache baadaye Bloch na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, upande wa pili wa Marekani, wakazisikia protoni za maji. Makundi hayo mawili hayakuwa yameshauriana. Purcell na Bloch waligawana Nishani ya Nobel ya mwaka 1952.

Udhaifu wa sauti hiyo unastahili kutajwa. Katika sumaku baadhi ya protoni huelekea upande wa sumaku, na nyingine huelekea kinyume, na sauti za pande mbili hufutana. Kinachosikika ni ile ziada tu ya upande mmoja. Hata katika sumaku kubwa niliyoitaja, ziada hiyo ni kama protoni 40 katika kila milioni. Ni sawa na kulisikiliza jeshi la watu milioni moja ambamo watu 40 peke yao ndio waliofumbua vinywa.

Jambo lililoigeuza fizikia hii ikawa kemia liligunduliwa karibu kwa bahati. Wanafizikia walitarajia kwamba protoni zote zitaitika kwa frikwensi moja. Hazikufanya hivyo. Elektroni zilizoizunguka protoni huikinga kidogo isipate nguvu yote ya sumaku, na kinga hiyo hutofautiana kulingana na majirani iliyo nao. Mwaka 1951 kule Stanford waliipima ethanoli, ambayo ndiyo pombe iliyomo katika waragi, gongo na chang'aa, wakapata miito mitatu yenye ukubwa wa moja, mbili na tatu. Molekuli ya ethanoli ina haidrojeni sita: moja imeshika oksijeni, mbili zimo kwenye kaboni ya kati, na tatu zimo kwenye kaboni ya mwisho. Hesabu ilikuwa imetimia bila molekuli kuguswa.

Ndugu zetu wa polisi, ambao kila mara huletewa chupa zisizo na lebo, watauona upesi uzito wa jambo hilo. Methanoli, ile sumu inayowapofusha na kuwaua wanywaji, haina kaboni ya kati, kwa hiyo hutoa miito miwili tu, wa tatu na wa moja. Tena iko gesi iitwayo dimethili etha, ambayo ina atomu zile zile za ethanoli kwa idadi ile ile: kaboni mbili, haidrojeni sita, oksijeni moja. Ukizipima kwa mizani huwezi kuzitofautisha molekuli hizi mbili. Katika sumaku, dimethili etha hutoa mwito mmoja peke yake, kwa kuwa haidrojeni zake zote sita zina ujirani wa namna moja. Na chupa yenyewe haipotezi kitu. Tone lililopimwa laweza kurudishwa katika sanduku la vielelezo.

Walikuwamo hata askari wa kulazimishwa katika historia hii. Paul Lauterbur, kijana wa Kimarekani aliyeitwa jeshini katika miaka ya 1950, alipangiwa kituo cha kemia cha jeshi na huko akajifunza kazi kwenye mojawapo ya mashine za mwanzo. Ndiye aliyeonyesha mwaka 1973 namna ya kupiga picha kwa njia hii, na mwaka 2003 akapata Nobel pamoja na Peter Mansfield wa Uingereza. Lakini hiyo ni hadithi ya hospitali, nasi tumo katika hadithi ya molekuli.

"NIPO!" BILA KUTAJA JINA

Kwa muda wa miaka ishirini mashine zilifanya kazi kama mwendesha redio anayezungusha kitufe polepole, akiitafuta stesheni moja baada ya nyingine. Mswisi Richard Ernst aliuona huo kuwa upotevu wa wakati. Ernst alizaliwa Winterthur mwaka 1933, na akiwa na miaka 13 alilikuta darini sanduku la madawa ya kemia yaliyoachwa na mjomba wake marehemu. Alicheza nayo kwa namna ambayo wazazi wake hawakuifurahia. Mwaka 1966, akiwa Marekani, yeye na Weston Anderson walionyesha kwamba yawezekana kuzipiga protoni zote kwa kishindo kimoja kifupi cha redio, zikaitika zote kwa pamoja kama kengele za makanisa mengi zilizogongwa mara moja, kisha kompyuta ikazitenganisha sauti kwa hisabati ya Fourier. Kipimo kilichochukua saa nzima kikawa cha sekunde.

Mwaka 1971, katika mkutano wa mafunzo uliofanywa Baško Polje, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia, Mbelgiji Jean Jeener alilitoa wazo jingine: badala ya kishindo kimoja, vipigwe viwili, na muda kati yake ubadilishwe kidogo kidogo. Ernst alilichukua wazo hilo Zurich na kulikamilisha mwaka 1976. Matokeo yake hayakuwa tena mstari wa miito bali uwanja mzima kama karatasi ya ramani, wenye madoa, na kila doa lililo nje ya mstari wa hanamu lilisema, "protoni hii na ile zinajuana." Ernst alipata Nobel ya mwaka 1991, na habari hizo alizipata akiwa angani, katika ndege iliyokuwa ikivuka bahari ya Atlantiki.

Kuna aina mbili za kujuana, na mtu asipozitofautisha hatalielewa jambo hili. Aina ya kwanza hupita katika vifungo vya molekuli, kutoka atomu moja hadi nyingine, kama amri ipitavyo kwa ngazi za vyeo. Martin Karplus, aliyekimbizwa Vienna akiwa mtoto wakati Ujerumani ya Hitler ilipoimeza Austria mwaka 1938, alionyesha mwaka 1959 kwamba nguvu ya kujuana huko hutegemea pembe ambayo kifungo kimejipinda: haidrojeni mbili zikipishana kwa nyuzi 90 karibu hazijuani kabisa, lakini zikielekeana kinyume kwa nyuzi 180 hujuana sana. Hivyo kipimo cha redio kikageuka kuwa kipimo cha pembe.

Aina ya pili hupita hewani, bila kujali vifungo. Ukiisumbua protoni moja, protoni iliyo karibu nayo nayo hutikisika, hata kama katika mnyororo zimetengana mbali. Asili yake ni utabiri wa Albert Overhauser wa mwaka 1953, ambao wakubwa kadhaa wa fani waliukataa hadi Charles Slichter na Thomas Carver wa Illinois walipoupatia ushahidi mwaka huo huo. Nguvu ya mtikisiko huo hupungua kwa haraka ya kutisha: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua mara 64. Kwa hiyo zaidi ya nusu nanomita husikii kitu. Hapo ndipo tulipopata orodha yetu ya umbali wa miji. Haisemi "kilomita 80 kamili", husema tu, "hawa wawili hawajatengana zaidi ya hapa." Lakini ikiwa unazo taarifa za namna hiyo kwa mamia, hutakuwa na uhuru mwingi wa kuiweka miji upendavyo.

Aliyezikusanya taarifa hizo ni Kurt Wüthrich, Mswisi mwingine, aliyezaliwa mwaka 1938, na ambaye mbali ya kemia alikuwa amehitimu kuwa mwalimu wa michezo. Tatizo lake la kwanza halikuwa umbo bali majina. Katika protini, mamia ya protoni huitika kwa pamoja, kila moja ikisema "Nipo!" lakini hakuna inayotaja jina. Sajini meja anayeita orodha ya namna hiyo gizani angerukwa na akili. Wüthrich na wenzake waliitumia mpangilio wa asidi amino uliokwisha kujulikana: wakaikamata protoni moja, wakamtafuta jirani yake anayetikisika, kutoka huyo wakaenda kwa mwingine, hatua kwa hatua mnyororo mzima, mpaka kila mwito ukapata namba yake. Utaratibu huo waliuchapisha mwaka 1982. Ni kazi ya kuchosha isiyo na fahari yoyote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa shujaa wa kweli wa habari hii.

Majina yakiwa tayari, orodha ya umbali iliingizwa katika kompyuta, kwa programu ambayo Timothy Havel aliisaidia kutungwa. Kompyuta haikuchora ramani moja. Ilianza ovyo, ikachora. Ikaanza tena ovyo pengine, ikachora tena, mara nyingi. Pale ambapo ramani zote zilikubaliana, palikuwa pa kuaminika. Pale zilipotawanyika, taarifa zilikuwa chache. Na kuhusu ile taswira ya kiooni niliyoitaja, dawa yake ilikuwako: asidi amino za protini za viumbe, ila moja ndogo isiyo na upande, ni za mkono wa kushoto. Ramani yenye asidi za mkono wa kulia ilitupwa.

WALIPOKATALIWA

Protini ya kwanza kuchorwa nzima kwa namna hii ilitoka katika shahawa za fahali, nayo ilikuwa na asidi amino 57. Wüthrich alipoanza kuionyesha ramani yake mwaka 1984, hakupigiwa makofi. Wataalamu wa fuwele walikuwa wamekwisha kuyajua maumbo ya protini nyingine za ukoo huo huo. Basi wengi walisema, au walinong'ona, kwamba huyu hakupima kitu. Ameichukua ramani ya jirani, akaisahihisha hapa na pale, akaiita yake.

Tuhuma hiyo ilikuwa nzito, lakini msomaji ajiweke mahali pao. Kama doria moja ikirudi na taarifa ya adui, nayo taarifa ikafanana mno na ile iliyokuwa tayari mezani kwa ofisa wa upelelezi, je, ofisa huyo atajuaje kama doria ilikwenda kweli au ililala chini ya mwembe? Hawezi kujua kwa kuitazama taarifa. Kufanana kwake na ile ya zamani ndiko kunakoiharibu. Tena hawezi kujua kwa kuwauliza wenyewe, maana wote wataapa. Dawa ni moja: zipelekwe doria mbili mahali ambapo hakuna aliyepata kufika, kwa njia mbili tofauti, zikiwa hazisemezani, kisha taarifa zilinganishwe.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1984, Robert Huber wa Taasisi ya Max Planck, Martinsried karibu na Munich, mtaalamu wa fuwele aliyekuwa na sifa kubwa, alipendekeza jaribio. Ichaguliwe protini ambayo umbo lake halijulikani kabisa. Yeye ataipima kwa eksirei katika fuwele. Wüthrich ataipima kwa redio katika maji, Zurich. Kila upande utafanya kazi yake peke yake. Protini iliyochaguliwa ni ile ile tendamistat, na kampuni ya Hoechst ilimpa kila mmoja akiba ya kutosha.

Lazima niseme kwamba Huber hakulazimika kulifanya jambo hilo. Njia ya eksirei ilikuwa imekaa kitini kwa miaka zaidi ya ishirini, na angeweza kuwaacha wenye redio wajitetee wenyewe. Wüthrich kwa upande wake alikuwa anaihatarisha kazi ya zaidi ya miaka kumi. Kama ramani yake ingetofautiana na ya Huber, hakuna ambaye angeuliza ni ipi iliyokosea.

Taarifa za pande zote mbili zilichapishwa mwaka 1986. Zote zilionyesha mnyororo wa asidi amino 74 uliofungwa kwa madaraja mawili ya salfa, ukajikunja ukawa nyuzi sita zilizopangwa katika mikeka miwili ya nyuzi tatu tatu, mmoja ukiukabili mwingine. Zilipowekwa moja juu ya nyingine, uti wa minyororo ulilingana karibu kila mahali. Tofauti zilikuwa juu juu, katika matawi ya nje ya molekuli: katika fuwele matawi hayo hubanwa na molekuli za jirani na hutulia, lakini katika maji yako huru na hupepea. Tofauti za namna hiyo zilikuwa ushahidi zaidi kuliko dosari, kwa sababu doria mbili zilizofika kweli mahali pamoja kwa saa tofauti haziwezi kuleta taarifa zinazofanana neno kwa neno.

Manung'uniko yakakoma. Huber alipata Nobel mwaka 1988 kwa kazi nyingine ya fuwele, na Wüthrich akaipata yake mwaka 2002 kwa njia hii ya redio.

Kanuni hiyo ya kutotegemea shahidi mmoja imeingia mahali panapotuhusu sisi wenye sare. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997, una maabara zake zilizoteuliwa katika nchi mbalimbali, na maabara hizo hazitangazi kwamba sampuli ina sumu fulani mpaka angalau njia mbili tofauti za upimaji zikubaliane. Resonansi ya sumaku ni mojawapo ya njia hizo. Katika sarini, atomu ya fosforasi imeshikana moja kwa moja na florini, na kwa kuwa kiini cha fosforasi nacho ni sumaku, mwito wake hugawanywa na florini hiyo ukawa miwili yenye nafasi kubwa katikati. Muungano huo ni nadra katika vitu vya kawaida vya mashambani na majumbani, kwa hiyo mtaalamu auonapo mgawanyiko huo hukaa wima kitini.

Isidhaniwe kwamba redio imeishinda eksirei. Maumbo mengi ya protini yanayojulikana leo yalipimwa katika fuwele, na katika miaka ya karibuni hadubini za elektroni zinazotumia baridi kali, pamoja na programu za kompyuta zinazokisia umbo kutokana na mpangilio wa asidi amino, zimechukua nafasi kubwa. Kazi hiyo ya kukisia ilipewa sehemu ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024. Molekuli kubwa mno pia huiletea redio taabu, kwa kuwa hujigeuza polepole katika maji na sauti yao hufifia. Ndiyo sababu sumaku zimezidi kukuzwa, na mwaka 2020 kituo cha Florence, Italia, kilipokea ya kwanza ya megahezi 1,200, yenye koili zinazokaa ndani ya heli iliyopozwa hadi ikawa kimiminika.

Lakini kuna taarifa ambazo redio ndiyo iliyozileta kwanza. Mnamo Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe yawezekana umewafikia watu kwa njia ya chakula. Kisababishi kilichotuhumiwa kilikuwa protini iitwayo prioni, ambayo sote tunayo mwilini katika umbo lake la salama, na ambayo huleta kifo ikijikunja vibaya. Kwa hiyo swali la umbo lilikuwa swali la uhai, na bado hakuna aliyekuwa amelipima hata hilo la salama. Mwaka huo huo kundi la Zurich lililichora, kwa prioni ya panya, katika maji: sehemu ya mwisho ya mnyororo ilikuwa imejikunja vizuri, yenye vijizingo vitatu. Mwaka 1997 wakapima mnyororo mzima. Ile sehemu ya kwanza, yenye karibu asidi amino mia moja, ilitoa miito ya kitu kinachochezacheza bila kutulia. Kompyuta ilipoambiwa iichore, kila ramani iliupeleka mkia huo upande wake. Mashine haikuwa imekosea. Mkia wenyewe, ukiwa katika maji, hauna umbo moja.